Wembe ukinyoa malaika ya mkono, bado haujawa tayari

Hapa Mombasa wengi tunaonoa wembe wa kukunja tumerithi kipimo kimoja: upitishe mkononi, malaika, yaani vinyweleo vya mkono, yakianguka, basi umenoleka. Kipimo hicho kinadanganya, na shavu ndilo linaloumia.

Malaika ni membamba. Wembe huyanyoa mapema sana, hata ukiwa bado kwenye jiwe la namba 1,000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi), ambalo kazi yake ni kuzikutanisha pande mbili za makali. Makali ya hapo yana meno meno. Yanakata, ndiyo, lakini usoni yanakwaruza. Bado kuna jiwe la namba 8,000 au zaidi, halafu mkanda wa ngozi wa kunolea, na kwenye mkanda huo mgongo wa wembe hutangulia, si makali.

Kwenye jiwe la 1,000 mimi hutazama kwanza. Elekeza makali juu, chini ya taa. Ukiona kiuzi cheupe kinameremeta, hata kifupi kama punje ya mchele, hapo pande hazijakutana; rudi jiweni, usibonyeze. Kwenye jiwe laini la 8,000 tazama maji: makali yakikaribia kuwa tayari, maji yaliyo mbele yake hupanda juu ya wembe badala ya kusukumwa.

Kupima kwa kupitisha makali kwenye ukucha baada ya kumaliza tafadhali acheni. Kunaharibu kazi yote.

Kipimo cha mwisho ni ndevu zilizoloweshwa kwa maji ya moto. Wembe ukizivuta, urudishe kwenye 8,000. Ukishanyoa, ukaushe na uupake mafuta, maana hewa yetu ya chumvi haichelewi kuleta kutu.