Pointi, GPA na faili la kupanda cheo: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Maneno ya korido za vyuo kuhusu nani huajiriwa na nani hupanda cheo huwa yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Tatizo ni kwamba mtu hupanga miaka yake mitano kwa kuyafuata, halafu faili linarudi na barua ya mistari miwili. Hapa tumechukua Tanzania zaidi kwa upande wa ajira, na Kenya zaidi kwa upande wa kupanda cheo, kwa sababu Kenya vigezo vimewekwa kwa tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzijumlisha mwenyewe. Tarakimu hizo zinatoka kwenye vigezo vya pamoja vya 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na ndizo unazokutana nazo kwenye matangazo ya nafasi. Chuo kinaweza kuweka kizingiti cha juu zaidi, kwa hiyo tangazo la chuo chako lisome neno kwa neno.

Dhana: Ukiwa na daraja la pili la juu unaweza kuwa TA (Tutorial Assistant, mkufunzi msaidizi).

Daraja la pili la juu la shahada ya kwanza Tanzania linaanzia GPA (wastani wa alama za masomo) 3.5 hadi 4.3. Matangazo mengi ya vyuo vya umma kwa cheo cha mwanzo, kile ambacho kila mtu chuoni hukiita TA, yanataka 3.8 kati ya 5. Mwenye 3.6 ana daraja zuri kabisa, ila hafiki. Na kama kanuni za chuo alichosoma zinakata desimali badala ya kuikadiria kwenda juu, 3.79 imeandikwa 3.7 kwenye cheti, na barua ya maombi haiwezi kuirudisha.

Kosa linaloumiza zaidi liko hatua inayofuata. Watu hudhani wakipata uzamili wenye GPA nzuri, shahada ya kwanza inasahaulika. Tangazo la Mhadhiri Msaidizi kwa kawaida linataka vyote viwili: 4.0 ya uzamili na 3.8 ya shahada ya kwanza, tena katika fani zinazoshabihiana. Mwenye 3.4 ya kwanza na 4.6 ya uzamili huachwa kwenye mchujo wa karatasi, kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Kabla ya kulipa ada ya uzamili kwa lengo la kufundisha chuo kikuu, anza kwa kuitazama transkripti ya shahada ya kwanza.

Digrii zisizo na madaraja, kama udaktari wa binadamu (MD), hupimwa kivingine: wastani wa alama za herufi, pamoja na alama uliyopata katika somo lenyewe unaloombea.

Dhana: Sekretarieti ya Ajira hutazama sifa tu, karatasi ndogondogo zitafuata.

Karatasi ndogondogo ndizo zinazoangusha. Kwa nafasi za vyuo vya umma zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi mahali pa vyeti, wala matokeo ya muda ya chuo. Shahada ya nje lazima iwe imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na hilo si jambo la wiki ya mwisho. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha chuo, siku ya usaili utaulizwa hati ya kisheria ya mabadiliko ya jina. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari mtumishi wa umma, ambaye hupitisha barua yake kwa mwajiri.

Dhana: Bila PhD huwezi kuwa Mhadhiri.

Karibu kweli. Vigezo vya 2014 vya Kenya viliifanya PhD kuwa sifa ya msingi ya Mhadhiri, na zogo likafuata. Lakini zipo fani ambazo kilele cha mafunzo ya kitaaluma ni uzamili wa kitabibu au usajili wa bodi, na huko mlango umeachwa wazi kwa mwenye uzamili aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake. Hali ni hiyo pia katika vyuo vya tiba Tanzania, ambako daktari bingwa mwenye uzamili wa tiba (MMed) huajiriwa kuwa Mhadhiri.

Udaktari wa heshima hauhesabiki kabisa. Matangazo ya Kenya hutamka wazi kwamba PhD iwe ya kusomewa.

Dhana: Ukikaa cheo kimoja miaka ya kutosha, zamu yako hufika.

Miaka ni tiketi ya kuomba, basi. Kwa Mhadhiri Mwandamizi vigezo vya Kenya vinataka angalau miaka 3 ya kufundisha chuo kikuu ukiwa Mhadhiri, au 6 ya utafiti au kazi nje ya chuo. Baada ya hapo ndipo mambo yanapoanza: pointi 32 za machapisho, na 24 kati yake zitoke kwenye majarida yenye wahakiki, yaani wataalamu wanaoisoma na kuipima makala kabla haijachapishwa. Profesa Mshiriki ni 48, na 32 za majarida. Profesa kamili ni 60, na 40 za majarida.

Na hata ukizikamilisha, cheo hakiji chenyewe. Kenya mara nyingi nafasi hutangazwa, na wa ndani hufanyiwa usaili sawasawa na wa nje. Tanzania, katika vyuo vya umma, kuna suala la ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti: sifa umetimiza, ila nafasi haijatengewa fedha. Anayemfuata Mkuu wa Idara kila wiki kwa hasira huwa anagonga mlango usio wake.

Dhana: Nina makala kumi, kwa hiyo nimepita.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi huanguka. Neno linaloamua kila kitu ni dogo: *tangu upandishwe mara ya mwisho*. Pointi 32 za Mhadhiri Mwandamizi ni za kazi uliyotoa ukiwa Mhadhiri. Pointi 48 za Profesa Mshiriki ni za kazi uliyotoa ukiwa Mhadhiri Mwandamizi. Ukipanda, hesabu inaanza sifuri.

Chukua Mhadhiri mwenye orodha ya machapisho kumi. Tuseme chuo chake kinatoa pointi 8 kwa makala ya jarida na kuzigawa sawa kwa waandishi. Matatu yalitoka kabla hajateuliwa kuwa Mhadhiri: sifuri. Mawili ni ikisiri za makongamano, ukurasa mmoja mmoja: sifuri. Moja liko kwenye jarida ambalo hakuna anayeweza kuonyesha kwamba lina wahakiki: sifuri. Yamebaki manne. Aliloandika peke yake ni 8. La waandishi wawili ni 4. Mawili ya waandishi wanne wanne ni 2 na 2. Jumla 16, nusu ya anachohitaji, na orodha ilikuwa inajaza kurasa mbili.

Kwa hiyo usikurupuke kukubali kila mwaliko wa kuwa jina la tano kwenye makala ya mwenzako. Ushirikiano una faida zake, hasa katika sayansi ambako hakuna anayefanya jaribio peke yake, lakini soma kwanza chuo chako kinagawaje pointi: wengine hugawa sawa, wengine humpa mwandishi wa kwanza zaidi. Kuikatakata data moja iwe makala matatu yanayofanana nako hakusaidii, kwani mtathmini, profesa wa nje anayetumiwa machapisho yako ayapime, atayasoma yote kwa mkupuo mmoja na ataona.

Dhana: Jarida lenye ISSN na DOI ni jarida halali.

ISSN ni namba ya utambulisho tu, kama namba ya gari; haikuambii breki zinafanya kazi. DOI ni anwani ya kudumu ya makala. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba mhakiki aliisoma kazi yako. Majarida ya kilaghai huwa na vyote viwili, na nembo ya faharasa maarufu (orodha ya majarida yaliyochujwa) juu ya tovuti.

Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikuwa na orodha mashuhuri ya wachapishaji wa aina hiyo. Aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Wengine wananukuu nakala zake hadi leo kana kwamba ni msahafu. Ni bora ukague mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya ISSN, andika namba, uone jina linalotokea ni la jarida hilo hilo, kwa sababu kuna tovuti bandia zinazojivika jina la jarida la kweli. Ukiambiwa liko Scopus, mojawapo ya faharasa hizo, litafute Scopus kwenyewe, usiamini nembo, na utazame kama bado lipo au liliondolewa. Kwa majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni) tazama orodha ya DOAJ, na kwa ya Afrika tazama tovuti ya AJOL. Waandikie wawili kati ya wajumbe wa bodi ya uhariri uwaulize kama wanajua majina yao yako pale. Na makala ikikubaliwa ndani ya siku tatu, bila hata maoni ya kurekebisha koma, hakuna aliyeisoma.

Ada ya kuchapisha peke yake si ushahidi wa ulaghai. PLOS ONE hutoza ada na ni jarida halali. Dalili ni ada inayodaiwa kabla ya uhakiki, au inayoshuka unapobisha, kama bei ya sokoni.

Dhana: Makala ya Kiswahili hayahesabiki.

Kigezo ni uhakiki. Jarida la *Kiswahili* la TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linapitiwa na wahakiki, na makala yake yanaingia kwenye faili. Tatizo la kweli ni la utaratibu: kamati iliyojaa wahandisi inaweza isijue jarida hilo ni nini, kwa hiyo ambatisha ukurasa wa bodi ya uhariri na sera ya uhakiki.

Dhana: Nimesimamia wanafunzi wanane wa uzamili.

Wamehitimu wangapi? Kenya huhesabu waliosimamiwa *hadi kuhitimu*, tena ukiwa kwenye cheo ulicho nacho sasa: 3 kwa Mhadhiri Mwandamizi, 4 kwa Profesa Mshiriki na angalau mmoja wa PhD, 5 kwa Profesa na angalau wawili wa PhD. Aliyewasilisha tasnifu na kusubiri kuitetea bado hajahesabika. Aliyehamia kwa msimamizi mwingine amekwenda na namba yake.

Kigezo hiki tunakiona kuwa kigumu isivyo haki kwa walio kwenye idara changa zisizo na programu ya uzamivu (PhD). Pointi za machapisho unaweza kuzitafuta popote. Mwanafunzi wa PhD huwezi kumzua. Njia inayofanya kazi ni kuomba kuwa msimamizi mwenza katika chuo kingine, kwa barua rasmi ya uteuzi kutoka kurugenzi ya uzamili ya chuo hicho. Makubaliano ya mdomo na rafiki yako hayana uthibitisho.

Dhana: Maprofesa wa nje huamua kila kitu.

Wanasoma machapisho na kutoa maoni; kamati na Baraza la Chuo ndio wanaoamua. Kinachochelewesha zaidi ni kimya: mtathmini mmoja asipojibu, faili linalala miezi. Mwulize mwandishi wa kamati, kwa adabu, kama barua zote zimerudi, wala usimwandikie mtathmini moja kwa moja, hata kama ni mwalimu wako wa zamani. Hilo linaweza kubatilisha tathmini yake, na kazi ikaanza upya kwa kutafuta mwingine.