Kosa likirudi palepale, usisingizie miale ya kosmiki

Wiki hii nimeletewa tena ripoti ya seva iliyozimika, na penye chanzo fundi ameandika "miale ya kosmiki". Ni ya tatu mwaka huu. Nikafungua logi: kipande kilekile cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), anwani ileile, mara kumi na moja kwa siku nne. Jamani, miale ya kosmiki hailengi shabaha.

Miale yenyewe ipo, hilo sibishi. Protoni kutoka nje ya mfumo wa jua hugonga hewa ya juu na kuzaa mvua ya chembe, na nyutroni hufika hadi chini. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hupenya paa, sanduku la seva, hata foili ambayo mwenzangu mmoja aliwahi kufunikia mashine yake. Ikigonga kiini cha silikoni, vipande vinavyoruka huacha chaji kwenye chipu na sifuri inageuka moja. Watafiti Ziegler na Lanford walilieleza hili mwaka 1979. Wakati huohuo May na Woods wa Intel walionyesha chanzo kingine kinachosahaulika: urani na thori kidogo, metali zinazotoa mionzi, iliyokuwa ndani ya ganda la chipu lenyewe.

Lakini chipu haiumii. Ukiiandika upya ile biti (hiyo sifuri au moja), inakaa sawa, na nyutroni inayofuata itapiga popote. Kosa linalorudi palepale ni ugonjwa wa RAM yenyewe, au soketi, au ubao. Utafiti wa seva za Google uliochapishwa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata kosa ndani ya mwaka, na watafiti wakahitimisha kwamba mengi yalitokana na ubovu wa kudumu.

Halafu kuna hili la "sisi tuko ikweta, jua kali, lazima tupigwe zaidi". Jua kali halihusiki! Ikweta hutukinga, kwa sababu huku sumaku ya dunia huzigeuza chembe nyingi ambazo karibu na ncha zingepita. Kinachotuongezea ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, na seva hiyohiyo ukiishusha Mombasa itapigwa mara chache kuliko Nairobi.

Kosa moja lisilorudi ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, ambazo ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani biti moja tu iliyogeuka. Miale ilishukiwa, haikuthibitishwa. Nyutroni haiachi alama ya kuonyesha mtu. Nami nikikuta kosa la namna hiyo huandika "chanzo hakijulikani", hata mteja akinuna.

ECC, yaani mfumo wa RAM wa kusahihisha makosa, ikiwepo, biti moja husahihishwa na mbili hugunduliwa, basi iwasheni.

Ile seva ya wiki hii nilikihamishia kile kipande cha RAM kwenye soketi nyingine. Kufikia jioni kosa lilikuwa limehama nacho.