Mafuta ya kivumbasi: jina kwenye chupa halitoshi

Malalamiko kuhusu mafuta ya kunukia yanayouzwa Mwanjelwa, Uyole na Mafinga yameongezeka, na mengi huanza hivi: mbona ya safari hii hayanukii kama ya kwanza? Huenda muuzaji hajachakachua chochote. Kipo kivumbasi ambacho mafuta yake yamejaa kemikali iitwayo eujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake, na kipo kilichojaa thimoli, yenye harufu ya dawa ya kusukutulia. Kwa macho ni mmea mmoja. Tofauti hutokana na asili ya mbegu, halafu udongo, msimu na namna ya kukausha. Mmea mwingine, ndugu wa kivumbasi, una kafuri nyingi, na kafuri ikimezwa na mtoto, hata kidogo, inaweza kumletea degedege.

Kwa hiyo tuache kuandika “asilia, hayana kemikali”. Ni kemikali tupu, makumi kadhaa ndani ya tone moja, na hilo si tusi.

Tone likiacha doa la grisi kwenye karatasi hadi kesho yake, shuku kwamba yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Lisipoacha doa, bado hujathibitisha usafi.

Anayetaka tumpimie mafuta yake alete sampuli kwenye chupa ya kioo ya kahawia, ijae hadi shingoni, kifuniko kikaze. Chupa za maji za plastiki hatupokei, kwa kuwa baadhi ya mafuta haya hulainisha plastiki na matokeo yakavurugika. Lebo ionyeshe jina la mmea, sehemu iliyotumika, kijiji, tarehe ya kuvuna na tarehe ya kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke. Ambatisha tawi lenye maua. Fomu isiyo na sahihi inarudishwa. Risiti ya malipo si cheti cha matokeo. Wapo wanaoibandika dukani.

Aliyevuna kwenye hifadhi ya msitu wa serikali awe na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na hati ya kusafirishia. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mzigo usio na nyaraka unaweza kutaifishwa, na mhusika akatozwa faini, akafungwa au vyote viwili. “Ni majani tu” si utetezi. Majani nayo ni mazao ya misitu.

Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019. Ukishaandika “hutibu pumu”, hicho si kipodozi tena: nenda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usitegemee kwamba cheti chetu pekee kitakuvusha huko.