Solo likikauka

Saa saba usiku, ukumbi umejaa, mimi niko kwenye gita la solo, tuko katikati ya sebene (ile sehemu ya kucheza, magita yanapotawala) ya wimbo wa mwisho kabla ya mapumziko. Mpiga besi akanisogelea, akaniinamia sikioni: "Kaka, hiyo si ndiyo uliyoanza nayo jioni?" Nikacheka, nikadhani utani wa jukwaani. Lakini simu yangu ilikuwa juu ya spika inarekodi, ndiyo kawaida yangu, na kesho yake nikaketi na kalamu. Kuna kamshuko kangu, noti zinazoteremka so-fa-mi-re-do, kanaishia kwa kuvuta waya wa pili kidogo ili ulie. Usiku ule nilikuwa nimekapiga mara 19. Kwenye nyimbo za furaha, kwenye wimbo wa msiba, kote.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza gita la solo wana kilio hichohicho: "Mwalimu, mawazo yameniishia." Dawa wanayoitafuta huwa ni skeli mpya, yaani ngazi nyingine ya noti. Wanaingia intaneti, wanarudi na majina ya Kigiriki, doriani, miksolidiani, na wiki mbili baadaye wanapiga mshuko uleule kwa noti tofauti kidogo. Skeli si kitu kibaya, mimi mwenyewe nazifundisha. Ila solo likikauka, mara nyingi noti hazihusiki. Vidole vimeshajua njia ya kurudi nyumbani, basi kila jioni vinapita hapohapo kama ng'ombe.

Tupige hesabu kidogo. Sebene ya kawaida ina kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (si za mwenye nyumba): ya do, ya fa na ya so, zinazunguka tu. Tuseme mzunguko mmoja una mapigo 16, na mpiga dramu anakwenda mapigo 128 kwa dakika. Mzunguko unakwisha kwa sekunde 7 na nusu. Sebene ya dakika 5 ni mizunguko 40. Ukitaka kila mzunguko uje na wazo jipya, unahitaji mawazo 40 kwa wimbo mmoja, na bendi ina nyimbo 25 usiku huo. Hakuna mwanadamu mwenye ghala la namna hiyo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mawazo hayamtoshi, mimi humwambia apunguze.

Wasikilize mabingwa wawili wa gita wa Kinshasa. Nico Kasanda wa African Jazz alikuwa na vidole vya maji, sauti inateremka tu. Franco wa OK Jazz alikuwa mtu wa aina nyingine: anashika kipande kifupi, nyuzi mbili kwa pamoja, anakizungusha, anakizungusha tena, mpaka unajikuta umesimama. Ukikaa na kukichunguza unaona hakirudii kwa uvivu. Kila anapozunguka kuna kitu kimoja kimeguswa.

Hicho kitu kimoja ndicho ninachofundisha. Chukua mi-so-la-so. Ipige mzunguko wa kwanza, ipige wa pili vilevile, usione haya, mchezaji anataka kuizoea ndipo mguu wake uiamini. Wa tatu, ianze nusu pigo nyuma. Noti ni zilezile lakini sasa inayumba, kama mtu aliyechelewa basi. Wa nne, ondoa so ya mwisho na uache tundu. Mpiga gita la rithimu mwenye masikio ataliziba bila kuambiwa. Wa tano, weka juu yake sauti ya pili, so-ti-do-ti, ziende sambamba. Wa sita, ishushe ile sauti ya pili chini ya ile ya kwanza: majina ya noti hayabadiliki, lakini gita linapata kifua. Tayari umemaliza mizunguko 6 kwa kipande kimoja tu, na hakuna aliyechoka. Wanaokosea ni wale wanaobadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Msikilizaji hapati pa kushika, na wewe umekula akiba yote ndani ya dakika moja.

Jambo hili si la umeme wala la Kinshasa peke yake. Mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kusini mwa Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili chake cha huko, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Gita moja kavu lisilo la umeme, gumba na kidole cha shahada. Ukiisikiliza "Masanga" kwa kuhesabu, utaona msingi ni mfupi mno, unarudi na kurudi, na kila ukirudi umevaa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa akaziandika tungo hizo za papo kwa papo noti kwa noti. Mimi nilijaribu kufanya hivyo kwa sikio, nikaishia kurudisha nyuma sekunde 10 zilezile mchana kutwa.

Sasa, kipande cha kuanzia kinatoka wapi? Kwenye gita nakikosa mara nyingi. Kwenye mdomo sikikosi. Simama kituoni asubuhi umsikilize kondakta: "Mwenge-Posta, Mwenge-Posta, bado wawili!" (Wawili hao hata gari lina nafasi kumi.) Usiyajali maneno, sikiliza mwendo. MWE-nge PO-sta, MWE-nge PO-sta, ba-do wa-WI-li. Ukiweka la-so la-so, la-so la-so, halafu so-mi-so-la-so, tayari una sentensi. Tazama pia inavyoisha: uzito uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, halafu sauti inatua pembeni. Kiswahili kinasema hivyo siku nzima. Lakini vidole vyangu, vikiachwa vyenyewe, vinamaliza kila sentensi kwa do, juu ya pigo la kwanza, kama mtu anayegonga muhuri. Nilipoanza kupiga nilichoweza kukitamka, nusu ya mishuko yangu ilijifuta yenyewe.

Ndiyo maana nawarudisha wanafunzi kwa Mbaraka Mwinshehe. Yeye alikuwa anaimba na solo anapiga mwenyewe, tangu enzi za Morogoro Jazz, na gita lake linajua kupumua. Sauti ikinyamaza, gita linajibu, halidakii maneno. Sisi tusioimba hatuna mapafu yanayotukata, tunaweza kupiga dakika tatu bila koma. Zoezi langu ni hili: vuta pumzi, piga huku unaitoa taratibu, ikiisha toa mkono kwenye nyuzi hata kama una kitu kizuri. Siku za kwanza inaudhi. Kijana mmoja aliniambia anajisikia kama amefungwa mdomo, nikamwambia ndiyo, hasa.

Njia nyingine ni ndogondogo. Kaa kwenye nyuzi mbili tu kwa wimbo mzima, vidole vitapotea njia na ndicho tunachotaka. Iga kitu kisicho gita: fidla ya taarab, tarumbeta, hata mama anayebembeleza mtoto. Na rekodi kila onyesho, kisha sikiliza kesho yake, si usiku uleule. Usiku uleule unajipenda bado.

Kamshuko kangu sijakatupa. Wapo wateja wanaokapenda, na kwenye wimbo mmoja wa zamani kanakaa mahali pake kabisa. Nimejipa ruhusa ya mara moja kwa usiku. Jumamosi iliyopita nilikapiga mapema mno, wimbo wa nne, kakatoka kenyewe. Kugeuka, mpiga besi ananitazama, kidole kimoja kiko hewani.