Hitilafu za kompaila kwenye aina jeneriki ni nini?

Kompaila inageuza msimbo tunaouandika uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Pia inakagua: ukitia maandishi mahali palipotakiwa namba, inakukatalia kabla programu haijaanza. Aina jeneriki ni aina iliyoachiwa nafasi wazi. Badala ya kuandika orodha ya namba, halafu nyingine ya majina, unaandika moja tu ya T, na anayeitumia ndiye anayesema T ni nini. Kwenye lugha ya Java utaona List<Integer>, orodha ya namba, au List<String>, orodha ya maandishi.

Nafasi ikiwa wazi, kompaila inabaki kukagua ahadi: "T hii, vyovyote itakavyokuwa, iko chini ya aina ile," yaani kila kitu cha T kinahesabika pia kuwa cha aina ile. Hapo ndipo hitilafu zinapozaliwa. Kuna zinazokataa msimbo sahihi, na kuna zinazoangusha kompaila yenyewe. Hizo zinaudhi, lakini unaziona. Ninazoziogopa ni zile za kompaila kupitisha msimbo mbovu kimya kimya.

Mfano ninaoupenda ulitolewa mwaka 2016 na watafiti Nada Amin na Ross Tate. Java ilipata aina jeneriki mwaka 2004, kwa hiyo tundu hili lilikaa miaka 12. Tuseme kuna klasi (kiolezo cha kuundia vitu) iitwayo Constrain<A, B extends A>, yaani B lazima iwe chini ya A. Ukishika kitu cha klasi hiyo, umeshika ushahidi kwamba sharti limetimia. Sasa, ndani ya mbinu jeneriki yenye T na U, tangaza kigeu cha aina Constrain<U, ? super T>, halafu iite mbinu hiyo T ikiwa Integer na U ikiwa String. Unadai kuna aina fulani, isiyotajwa jina, iliyo juu ya Integer na wakati huohuo chini ya String. Aina hiyo haipo, kwa hiyo huwezi kuunda kitu chake. Lakini Java inaruhusu null, yaani "hakuna kitu", kukaa kwenye kigeu cha klasi yoyote. Unaweka null, kompaila inauhesabu kuwa ushahidi, kisha inafuata ngazi: Integer iko chini ya aina ile, aina ile iko chini ya String, basi Integer ni String! Namba kama sifuri inapita kama maandishi, bila onyo hata moja.

Tena kosa hili halikuwa la kompaila peke yake. Ilifuata kanuni za lugha zilivyoandikwa. Kanuni zenyewe ndizo zilizosahau null. Lugha ya Scala nayo ilikutwa na tundu la namna hiyo.

Java inaokolewa na jambo moja: programu inapoendeshwa, kuna ukaguzi wa pili, nao unasimamisha kazi kwa ClassCastException, kosa linalosema kitu si cha aina iliyodaiwa. Lugha ya Rust haina ukaguzi huo. Tundu lililoripotiwa huko mwaka 2015, linalohusu muda wa kuishi wa marejeo (anwani za vitu kwenye kumbukumbu), linamwezesha mtu kushika rejeo la kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, bila kuandika popote neno unsafe, ambalo huko hufungua shughuli ambazo kompaila haizihakiki.

Ukipata ClassCastException kwenye mstari ambao hukubadilisha aina yoyote, usikimbilie kuilaumu kompaila. Tafuta kwanza maonyo ya "unchecked", yanayosema kompaila haikuweza kuhakiki aina, uliyoyapuuza. Mara nyingi chanzo kiko hapo. Yasipokuwepo, punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache inayorudia kosa, kisha uiripoti kwa watunzaji wa lugha.