Kumtambua Mfinyanzi wa Kirumi kwa Muhuri Wake

Katikati ya sahani au kikombe chekundu cha Kirumi, upande wa ndani, mara nyingi utakuta kijisanduku chenye herufi chache za Kilatini. Mfinyanzi alikibonyeza hapo kwa muhuri kabla chombo hakijaingia kwenye joko. Vyombo hivi, ambavyo wanaakiolojia huviita tera sigilata, vilipata umaarufu Arezzo, Italia, katika karne ya 1 KK. Baadaye Galia ikashika soko: La Graufesenque, kusini mwa Ufaransa ya leo, ilitamba karne ya 1 BK, na Lezoux, katikati mwa Ufaransa, karne ya 2. Maelfu ya wafinyanzi wanajulikana kwa majina, lakini kusoma jina ni nusu ya kazi. Kinachomtambulisha mtu ni muhuri wenyewe, kifaa kilichochongwa kwa mkono, kila kimoja na kasoro zake.

Safisha kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, kwa maji matupu na brashi laini. Usitumie siki wala tindikali yoyote, kwa sababu udongo wa La Graufesenque una chembe za chokaa na tindikali huzila. Kisha punguza mwanga chumbani, washa tochi na uilaze ubavuni mwa kigae, halafu kizungushe kigae polepole duara zima. Mstari unaoelekea upande uleule wa mwanga haupati kivuli, kwa hiyo anayeangalia kwa pembe moja tu husoma I mahali palipoandikwa E. Ukimaliza, tandaza karatasi nyembamba juu ya chapa, ishike isiteleze, na sugua taratibu kwa penseli laini. Nakala hiyo ina ukubwa halisi wa chapa. Picha ya kamera haiaminiki kwa vipimo isipokuwa imepigwa wima ikiwa na rula kando. Pima urefu na kimo cha fremu, yaani kijisanduku kinachozunguka herufi, na andika ni ncha ipi imevunjika.

Sasa soma. OF ni kifupi cha officina, karakana; F, FE au FECIT ni "alitengeneza"; M au MANV ni "kwa mkono wa". Jina linalofuatana na OF au M huwa katika hali ya umiliki: OF BASSI ni karakana ya Bassus, si ya mtu aitwaye Bassi. Tahadhari na M: kwenye chapa za Galia ikiwa mwishoni kwa kawaida ni "mkono", lakini mwanzoni mwa chapa ya Arezzo huwa ni Marcus, kama kwa mfinyanzi M. Perennius. V hutumika pia kama U, A mara nyingi haina mstari wa katikati, E huandikwa kama II, herufi mbili hushikamana, na wakati mwingine maandishi yote yamegeuka kama kwenye kioo. Kuna pia chapa za mistari mitupu iliyoiga herufi. Hizo usizilazimishe kuwa jina.

Hapa ndipo penye utamu. Wanaakiolojia Brian Hartley na Brenda Dickinson waliorodhesha mihuri ya Galia katika juzuu 9 zilizotoka kati ya 2008 na 2012. Wafinyanzi wenye jina moja wametengwa kwa namba za Kirumi, kisha kila muhuri una namba na herufi yake, kwa mfano 5a. Linganisha nakala yako na mchoro wa orodha hiyo herufi kwa herufi: mkia wa R umeishia wapi, nafasi kati ya O na F ni kiasi gani, ncha za fremu ni za mviringo au zimekatwa mraba. Kila kitu kikilingana ila chapa yako ni ndogo kwa karibu sehemu ya kumi, kuna uwezekano mkubwa kwamba muhuri wa pili ulifinyangwa kutokana na chapa ya wa kwanza, kwani udongo hunywea ukikauka na kuchomwa. Kikilingana ila ncha moja haipo, muhuri ulivunjika na mwenyewe akaendelea kuutumia. Basi chombo chenye chapa kamili kilitangulia.

Tazama pia chapa iko wapi. Wanaakiolojia hutaja maumbo ya vyombo hivi kwa namba za mtaalamu Dragendorff. Kwenye bakuli lenye mapambo la aina ya Dragendorff 29, chapa ya ndani ni ya aliyekamilisha bakuli, ilhali mapambo ya nje yanaweza kutoka kwenye kalibu ya mtu mwingine. Kwenye Dragendorff 37, jina kubwa katikati ya mapambo, kama la Cinnamus wa Lezoux, lilikuwa ndani ya kalibu. Ukichanganya haya mawili, utampa mtu kazi isiyo yake.

Vunjiko la kigae nalo ni shahidi: udongo wa Lezoux humetameta chembe za ulanga, wa La Graufesenque ni wa waridi wenye vidoa vyeupe. Jina peke yake halitoshi kutaja mahali. Vyombo vya mfinyanzi Cn. (Gnaeus) Ateius vilitoka Arezzo, Pisa na Lyon. Kwenye taa za mafuta hali ni ngumu zaidi: jina FORTIS, la karakana ya Modena, liliigwa katika majimbo mengi ya dola.

Tarehe hutokana na maeneo yenye mwaka unaojulikana. Kreti ya mabakuli yapatayo 90 ya Galia, iliyofukuliwa mwaka 1881 katika mji wa Kirumi wa Pompeii, ilifunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK kabla haijafunguliwa, kwa hiyo mihuri iliyomo ilikuwa kazini muda mfupi kabla ya hapo. Vigae vya Arezzo vilifika hadi Arikamedu, kusini mwa India, kwa njia ya bahari iliyotegemea pepo za msimu zilezile tunazoziita kusi na kaskazi. Mwaka 1945 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alizitumia chapa za vigae hivyo, zikiwemo CAMVRI na ITTA, kukadiria umri wa tabaka za huko. Lakini kagua kwanza kama kigae kina matundu yaliyotobolewa au vibano vya madini ya risasi. Chombo kilichoungwa hivyo kilithaminiwa, na huenda kilitupwa miaka mingi baada ya muhuri wake kuacha kazi.