"Mzee, naanza na udiwani kwanza"

Nilikaa miaka mingi nikiandika mihtasari ya vikao vya halmashauri, kwa hiyo uchaguzi ukikaribia watia nia hunijia nyumbani kuomba ushauri. Karibu wote hufungua kwa maneno yaleyale: "Mzee, naanza na udiwani, miaka mitano tu, halafu napanda ubunge." Nimechoka kuyasikia.

Hakuna kupanda. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inataka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, tena mwanachama aliyependekezwa na chama chake. Haisemi awe amepitia kata. Magufuli alikuwa mwalimu, kisha mkemia. Mwaka 1995 akaingia bungeni na papo hapo akawa naibu waziri. Majaliwa alitoka kwenye ualimu na ukuu wa wilaya, akawa mbunge wa Ruangwa 2010, na 2015 waziri mkuu.

Linaloniudhi zaidi ni lile lililojificha ndani ya hilo "kupanda": kwamba mbunge ni bosi wa diwani. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani kama wajumbe wengine. Ananyoosha mkono, anasubiri kuitwa, na kura yake ni moja. Kikao kinaongozwa na mwenyekiti au meya, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Nimemwona mheshimiwa mbunge, msomi kabisa, akiambiwa akae chini na mwenyekiti aliyeishia darasa la saba. Akakaa.

Na kazi zenyewe ni mbili tofauti. Ushuru wa soko, sheria ndogo, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: hayo yanapita mikononi mwa madiwani. Kule Dodoma mbunge anajadili bajeti ya taifa, lakini Ibara ya 99 inamzuia kupeleka mwenyewe muswada wa kuongeza kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina. Hilo ni la Serikali. Kwa hiyo anayesimama jukwaani akasema "nitawaletea daraja", anachoahidi ni kwenda kuomba daraja. Tena barabara za wilaya ziko TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo hata diwani naye anaomba.

Ushauri wangu ni uleule kila mara, na wengi hawaupendi. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Nenda ukae kimoja mpaka mwisho, siyo mpaka chai. Ukiona hoja ya vyoo vya shule ya msingi imekukera kiasi cha kukosa usingizi, gombea kata na ubaki huko. Ukisinzia, basi huenda makabrasha ya miswada yatakufaa zaidi, ingawa nina mashaka.

Mengine nayajibu nikiwa nimesimama. Uwaziri haupewi aliyezoa kura nyingi: Rais anateua kutoka miongoni mwa wabunge, wakiwemo wale 10 anaowateua mwenyewe. Mkuu wa wilaya hapigiwi kura na mtu. Ni mteule wa Rais, na mkurugenzi wa halmashauri vilevile. Kiti cha ubunge hakihami nawe ukihama chama, na chama kikikufukuza uanachama umekipoteza. Mgombea binafsi hatuna. Diwani halipwi mshahara kama mbunge, anapata posho, kwa hiyo usiache kazi ukitegemea hiyo kusomesha watoto.

Na mwenyekiti wa mtaa si diwani. Yeye huchaguliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2014, 2019, 2024. Kijana mmoja alinijia katikati ya 2025 akiulizia fomu ya uenyekiti wa mtaa. Nilimpa chai, nikamwambia arudi 2029.